Milimita Kumi na Tisa

Mara ya mwisho nilipoipima kwa mkono wangu ilikuwa milimita ishirini nukta sita, na kwenye daftari nikaandika kumi na tisa.

Ilikuwa asubuhi, kabla ya chai, nimesimama mbele ya kioo cha bafuni nikiwa na fulana tu. Kalipa nilikuwa nimeisugua kwa sabuni mpaka harufu ya mafuta ya mashine ikapungua. Wasio mafundi wengi hawaijui: ni chombo cha chuma chenye midomo miwili ya kubana kitu unachokipima, na juu yake kuna safu mbili za mistari myembamba. Ukijua kuioanisha ile mistari, utapata kipimo hata cha unene wa unywele. Mimi ilinichukua miezi mitatu kujifunza kuisoma bila kukosea, na tangu hapo ndiyo iliyonilisha. Kazi yangu ni kukereza vyuma. Nafunga kipande kwenye mashine, kinazunguka, nakikata kwa ncha kali hadi kiwe na unene anaoutaka mteja. Mteja huondoka nacho, akakifunga kwenye pampu au kwenye kinu, akasimama karibu nacho akiiamini nambari niliyomwandikia. Kwa hiyo fundi anayeandika kipimo ambacho hakukiona ni mtu hatari, na neno hilo nimelisema karakana kwa miaka ishirini, tena kwa majivuno.

Tezi yenyewe iko upande wa kushoto wa shingo, chini kidogo ya taya. Nasema iko kwa sababu ninayo hadi leo, na haya yalitokea miaka tisa iliyopita.

Niliigundua Jumapili moja nikinyoa ndevu. Wembe ulipanda kitu na kushuka, nikadhani ni chunusi. Wiki ya pili nikadhani ni jipu lisilotaka kuiva. Wiki ya tano sikudhani tena kitu. Haikuuma, haikuwa na joto, haikubadili rangi ya ngozi. Ilikaa tu, kama mgeni aliyeshusha mizigo bila kusema ataondoka lini.

Mke wangu aliigusa kwa vidole viwili. Alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, na mikono yake ilijua mambo ambayo hakuwa na cheti cha kuyasema. Akaniuliza kama nalowa jasho nikilala, kama nakohoa, kama suruali zimeanza kunipwaya. Nikamjibu hapana, hapana, hapana. Akanyamaza, na ule ukimya wake ndio ulionitisha.

Wengine hawakunyamaza. Dada yangu alisema ni jino bovu, nikaenda kwa daktari wa meno, akaniambia meno yangu yatanizika. Jirani alisema ni mto ninaolalia. Cheche, mchomeleaji tuliyekuwa tukichangia naye karakana, aliitazama kwa makini kama anayekagua weldingi ya mtu mwingine, akasema, "Hii ni nati. Ililegea kichwani siku nyingi, sasa imeshukia shingoni." Mkewe yeye alisema ni maneno ninayoyameza bila kuyasema. Mke wangu akacheka, akasema kama ni hivyo basi ingekuwa kubwa kama boga.

Hospitali tulikwenda kwa miezi miwili. Walinitoa damu mara tatu, wakanipiga picha ya kifua, wakanipitishia kile kifaa baridi cha kuonyesha yaliyomo ndani. Mwisho wakaichoma sindano tezi yenyewe, wakavuta chembe kidogo wakaipeleka maabara, nasi tukasubiri siku kumi na saba. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye tabia ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito. Siku ya majibu akavua.

"Saratani hatukuiona," akasema. "Kifua kikuu hatukukiona. Damu yako haina neno. Kuna kitu kimeiamsha hii tezi ikavimba, na hicho kitu hatukijui."

"Mtakijua lini?"

"Huenda tusikijue, baba. Nyingine hukaa hivyo, mtu akazeeka nazo. Tutaiangalia. Ukipata homa, ukikonda, au ukiona inakua, uje mara moja. La sivyo tuonane baada ya miezi mitatu. Na usiishike-shike."

Nilikuwa nimejiandaa kwa habari mbaya, na kwa mbali nilikuwa nimejiandaa kwa habari njema. Kwa habari ile sikuwa nimejiandaa. Karakana, mashine ikigoma ina sababu. Utaitafuta siku mbili, utafungua hiki na kile, mikono itachafuka mpaka viwiko, lakini utaikuta. "Sijui" ni neno ambalo mteja akilisikia anabeba chuma chake na kuvuka barabara kwa fundi mwingine. Nilitoka mle ndani nikiwa na hasira na yule mama, ambaye hakuwa amenikosea chochote ila kuniambia kweli.

Barua ya chuo ilifika wiki hiyo hiyo.

Mke wangu alikuwa ameomba nafasi ya kusomea ukunga mara nne. Miaka kumi na mmoja alikuwa akibeba mabeseni, akiandika joto la wagonjwa kwenye chati, akishikwa mikono na wanawake wenye uchungu huku wenye vyeti wakiwa wameitwa kwingine. Alishatimiza miaka arobaini na mmoja, na chuo hakikupokea mtu aliyetimiza arobaini na mbili. Kozi ilikuwa ya miaka miwili, mwendo wa siku nzima kwa basi, na likizo mara mbili kwa mwaka. Aliisoma ile barua akiwa wima, akaiingiza chini ya kitambaa cha meza, kisha akaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo binti yetu alikuwa ameshaviosha.

"Siendi," akaniambia akiwa amenipa mgongo. "Sikuachi na kitu hicho."

"Daktari amesema si ugonjwa."

"Daktari amesema hajui. Hayo ni mambo mawili."

Tulibishana siku tatu, kwa sauti ya chini, maana binti yetu alikuwa na miaka kumi na sita na masikio ya miaka sitini. Siku ya tatu mke wangu akaweka sharti. Kama haikui, atakwenda. Ikikua, hata kama sanduku limeshafungwa, atabaki. Kipimo cha kuanzia kitakuwa kile cha hospitali, milimita kumi na tisa.

"Na nani atapima?" akauliza.

Nikamwambia mimi, nani mwingine. Nikanunua daftari la shule lenye mistari, nikachora safu mbili, tarehe na kipimo. Nilijiona nimeshika usukani.

Majuma ya mwanzo nilipima kama inavyopasa. Kumi na tisa. Kumi na tisa nukta mbili. Kumi na nane nukta tisa. Kumi na tisa nukta nne. Kila jioni mke wangu alilifungua daftari, akasoma mstari mmoja, akalifunga, akaendelea na mambo yake. Akaanza kushona sare. Akaanza kumwonyesha binti yetu mahali anapoweka vitu, kana kwamba yeye binti alikuwa mgeni humo ndani.

Kisha ikaja ile asubuhi ya ishirini nukta sita. Nilipima mara tatu na mara zote tatu ilikuwa hivyo.

Kuna jambo ambalo kila mkereza hufundishwa wiki ya kwanza: chuma chenye moto hakipimwi. Kikitoka kwenye mashine kimevimba kwa joto, ukikipima hapo hapo kitakudanganya, kwa hiyo unakiweka kando kipoe. Nami tangu nilipolala hadi kunakucha nilikuwa nimeibonyeza ile tezi kwa vidole mpaka ikawaka. Nilipaswa kuiacha ipoe, nikaipima kesho yake, nikaandika nilichokiona. Ningemwambia hivyo fundi yeyote mwenzangu. Badala yake niliandika kumi na tisa, na kesho yake sikuipima kabisa. Kalipa niliiacha karakana. Asubuhi nilikuwa naingia bafuni, nafungua bomba, nasubiri muda wa kutosha mtu kupima, natoka, naandika kumi na tisa.

Ningeweza kusema nilifanya hivyo kwa ajili yake, ili aende. Ni kweli, nilitaka aende. Nilikuwa nimemwona akirudi nyumbani siku ambazo mtoto amezaliwa mikononi mwake na jina lililoandikwa kwenye kitabu ni la mwingine. Lakini asubuhi ile mbele ya kioo, nilipoiona ile mistari imekaa kwenye ishirini nukta sita, kwa muda wa kama pumzi mbili nilifurahi. Nilifurahi kwamba imekua na kwa hiyo mke wangu hataondoka. Halafu ndipo nikaogopa. Na katika yale mawili, ile furaha ndiyo iliyonitia aibu. Niliandika kumi na tisa ili nisiwe mtu aliyefurahi vile.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini mimi sikuzifikisha. Nilikamatwa siku ya thelathini na nane, Jumamosi alasiri, juma moja kabla ya safari. Sanduku lilikuwa wazi juu ya kitanda, limejaa nusu.

"Baba," mke wangu akaniita, "hebu njoo."

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na daftari magotini. Hakuwa akisoma mstari wa mwisho kama kawaida yake. Alikuwa amefungua kurasa mbili pamoja, na kidole chake kilikuwa kikishuka polepole.

"Joto la wagonjwa nimeliandika miaka kumi na mmoja," akasema. "Mtu mzima mwenye afya, leo thelathini na sita nukta tano, kesho nukta nane, keshokutwa nukta sita. Ukiona chati ya mgonjwa imeandikwa thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na saba, wiki nzima, ujue mtu hakusimama kitandani kwake."

Nilijikuta nasoma maandishi yaliyochapishwa kwenye kifuniko cha sanduku.

"Mwanzoni ulipima," akaendelea. "Hapa. Naona kabisa. Halafu hapa ukaacha."

"Ilikuwa ishirini nukta sita," nikasema.

Alifumba macho akayafumbua. Nilidhani atapiga kelele, na ingekuwa nafuu. Aliuliza tu kalipa iko wapi. Nikaifuata karakana kwa miguu, nikaisugua kwa sabuni, nikairudisha. Daktari wetu alikuwa likizo hadi siku ya miadi, na miadi ilikuwa siku kumi baada ya chuo kufungua, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kumuuliza. Akaniambia nikae. Akaniinamisha kichwa upande wa kulia kwa kiganja chake, nikasikia midomo ya chuma ikinibana taratibu, baridi, na pumzi yake karibu na sikio. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa nasikia binti yetu akifagia uani.

"Haijakua," akasema.

"Ngapi?"

"Nimesema haijakua. Kuanzia leo kupima ni kazi yangu, wewe umeshindwa."

Akaifuta kalipa kwa pindo la kanga yake, akaitia kwenye droo, akarudi kukunja nguo. Sikuuliza tena. Jibu lilikuwa lile nililolitaka, na mtu akipewa anachokitaka haangalii nyuma ya karatasi.

Juma lile nilikuwa mtu mwepesi. Karakana niliimba, hadi Cheche akaniomba niache kwa heshima ya wateja. Nyumbani nilitengeneza bawaba ya mlango ambayo ilikuwa ikilia tangu binti yetu anajifunza kutembea. Mke wangu alikuwa kimya, na nikasema moyoni ni safari, ni kumwacha mtoto. Mara mbili nilimkuta amesimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilipomuuliza akasema anahesabu sare.

Siku ya safari tulifika kituo cha mabasi saa kumi na mbili asubuhi. Binti yetu alikuwa ameagana na mama yake nyumbani, macho mekundu, akisisitiza kwamba ni mafua. Sanduku likatiwa tumboni mwa basi. Mke wangu akapanda, akapata kiti cha dirishani, akalisukuma dirisha likafunguka nusu. Mimi nilibaki chini, nimeinua uso, nikimwambia mambo ambayo nilikuwa nimeshamwambia: asipokee chakula kwa asiyemjua, anipigie akifika. Dereva akawasha injini.

"Sogea," akasema.

Nikasogea mpaka bega langu likagusa bati la basi.

"Ile kalipa. Sikuweza kuisoma."

Nilidhani sijasikia kwa sababu ya injini. Akarudia, sasa akiwa ameinamia dirisha.

"Niliona mistari tu. Mistari juu ya mistari. Nilijua nikikuuliza utanisomea wewe, na wewe nilikuwa sikuamini tena."

"Kwa hiyo ilikuwa ngapi?"

"Sijui."

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda shingoni wenyewe. "Mbona ukasema haijakua?"

"Kwa sababu nilitaka kwenda." Hakuangalia pembeni. "Nilitaka kwenda, baba, nikasema. Tangu siku ile silali. Sasa nimekwambia. Ukisema nishuke nitashuka, na hutasikia lawama yangu hata siku moja."

Kondakta alikuwa akipiga kofi ubavuni mwa basi kuwahimiza waliobaki nje. Neno shuka lilikuwa mdomoni mwangu, limekaa tayari. Tungerudi nyumbani kwa miguu na sanduku katikati yetu, ningekuwa na mtu wa kuiangalia shingo yangu kila siku, na mwaka uliofuata angekuwa na miaka arobaini na mbili. Hakuna ambaye angenilaumu. Tulikuwa tumedanganyana, mimi kwa daftari, yeye kwa mdomo, na baada ya uongo wote ule tulikuwa pale pale daktari alipotuacha: hatujui.

Nikamtazama vizuri. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa mwa kiti, mkoba magotini, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele, kama mtu ambaye tayari ameanza kusimama. Nikaelewa kwamba angekaa hivyo hivyo hadi mwisho wa safari, siku nzima, na pengine miaka miwili, kama nisingesema kitu.

"Egemea," nikamwambia. "Safari ni ndefu."

Alinitazama kwanza, kuona kama nimemaanisha. Kisha akakiachia kiti cha mbele, akarudi nyuma taratibu, mpaka mgongo wake ukagusa kiti.

"Na daktari?"

"Siku kumi. Nitakwenda, na nitakupigia nikwambie atakachosema. Hata akisema hajui."

"Usiishike-shike."

"Sitaishika," nikasema, na wakati nasema nilikuwa nimeishika. Akaona. Akatingisha kichwa, akacheka kidogo, na basi likaanza kurudi nyuma.

Nilisimama pale hata baada ya moshi kutawanyika. Niliogopa, sioni haya kusema. Niliogopa kama nilivyoogopa siku ya majibu, na sasa sikuwa na daftari la kujifichia. Basi jingine likaja kukaa mahali pale pale. Kondakta wake, mtu mzima wa rika langu, akashuka, akaniuliza kama nasafiri.

"Hapana," nikamwambia. "Mke wangu ndiye amesafiri. Amekwenda kusomea ukunga."

Hakuwa ameuliza hayo. Alinitazama usoni, nadhani akaona kwamba nalia, akanipa mkono.

"Hongera, bwana," akasema.

Nikaupokea mkono wake, na hongera nikaipokea.